Upande wa Kwanza wa Kaseti ya Mama Cherehani

"Redio iliyowahi kuimba haiwezi kunifia mkononi! Ikinifia, nikateni kidole hiki mkampe paka!"

Maneno hayo fundi aliyasema kwenye harusi ya shemeji yake, mbele ya watu mia mbili na ushee, akiwa ameshika maiki ambayo dakika tano kabla ilikuwa maiti. Spika zilikuwa zimezimika katikati ya wosia wa mzazi wa bwana harusi. Wageni wengine walishukuru kimoyomoyo, kwa kuwa wosia wenyewe ulishafika vizazi vitatu nyuma na haukuonyesha dalili ya kurudi. Fundi akavua koti, akaingia chini ya meza, akagusa hiki, akagusa kile, spika zikanguruma. Watu wakapiga vigelegele. Mkewe akainamisha uso, maana alimjua mumewe: sifa kwake ni kama pombe kwa mwenye njaa, inampanda kabla hajameza.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Kidole. Hata barua ya kuitwa mzazi shuleni iliandikwa "Ndugu Kidole," naye akaenda.

Jina lilimkaa, tusimwonee. Mafundi wengine hupima kwa mita, kile kipimo cha umeme. Kidole mita anayo, lakini aliitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke. Ukimletea redio bubu, huifungua, huiwasha kwa betri, hulamba ncha ya kidole cha shahada, kisha hugusa miguu ya vipuri kimoja baada ya kingine huku ametega sikio kwenye spika. Panaponguruma, pako hai. Panaponyamaza, ndipo penye msiba. Ufundi huu hakuusomea. Aliupata utotoni kwa kuibomoa redio ya baba yake, na baba yake akamtunuku cheti kwa kumchapa na antena ya redio hiyohiyo.

Kibanda chake kilikuwa cha bati, upana wake kama kitanda cha watu wawili wanaopendana. Kilinuka lehemu iliyoungua. Ukutani zilining'inia spika zisizo na redio, na rafuni zilipangana redio zisizo na spika. Ukuta wa kushoto alichangia na kinyozi, tena ukuta wenyewe ni ubao mmoja wenye tundu, hivyo kinyozi alijua wateja wote wa Kidole, na Kidole alijua wote wenye mba.

Miaka ilipita, kazi ikakauka. Watu walihamia kwenye simu, na simu ikiharibika hutupwa au hupewa mtoto achezee. Kidole akabaki anapiga miayo. Halafu, taratibu, zile redio kaseti za zamani, zile ndefu zenye spika mbili na mpini juu, zikaanza kushuka kutoka juu ya makabati. Watu waligundua kwamba simu ina nyimbo elfu lakini haina kifua. Wakamjia: "Fundi, nitobolee tundu la waya wa simu." Yaani uchomeke simu yako pembeni, wimbo utokee kwenye spika za baba. Kwa kazi hiyo alitoza elfu sita, na wiki nzuri alitoboa redio nne.

Alikuwa na sheria moja tu. Redio kaseti ikiingia kibandani, kwanza mlango wa kaseti unafunguliwa. Ikiwemo kaseti, inatolewa, inafungwa kwenye karatasi, inaandikwa jina la mwenyewe. Ndipo skrubu ya kwanza inaguswa. Aliwahi kumtukana fundi wa mtaa wa pili hadharani kwa kutofanya hivyo.

Basi ikaja siku ya Mama Cherehani.

Huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, amevuka sitini, mkono wake mmoja una alama za sindano kama ramani. Alikuja na redio imefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga.

"Fundi, hujambo mwanangu."

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Nataka tundu la simu. Cherehani linapiga kelele, simu inapiga kelele, na mimi naishia kumsikia kila mtu nusu."

"Hilo dogo, mama. Kesho kutwa unacheza dansi."

"Nicheze na nani? Sikia lakini. Humo ndani mna kaseti. Usiitoe. Mlango wake umeshika kwa bawaba moja, ukiuvuta utabaki nao mkononi. Iache humohumo."

Kidole akauangalia mlango. Kweli, bawaba ilikuwa imeng'ata kwa jino moja. Sheria yake ikanyanyua kichwa, ikataka kusema neno, naye akainyamazisha. Mwenye mali ndiye aliyekataza, au siyo?

"Haiguswi, mama. Mimi nikigusa kitu huwa kinapona tu."

Mama Cherehani hakucheka. Aliigonga redio mara mbili kwa ukucha, kama mtu anayeaga, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, Kidole aliifungua. Kwa kawaida, pahali sahihi pa kuingizia waya wa simu ni kwenye volyumu, kwenye miguu yake. Hapo sauti huingia safi. Lakini redio hii aliyeiunda alikuwa mchoyo wa nafasi: volyumu ilikaa chini ya bodi, na bodi ilikaa chini ya mitambo ya kaseti. Kuifikia ni kung'oa kila kitu, nusu siku nzima. Na siku hiyo wateja wa kinyozi walikuwa watano, wamekaa benchi nje ya kibanda wakisubiri zamu, na walikuwa wamemwona Kidole akilamba kidole.

"Leo ataponya nini?" akauliza mmoja.

"Dakika kumi tu," Kidole akajibu, hata kabla ya kuulizwa muda. Sifa hiyo.

Akajaribu njia ya mkato. Akaunga waya wa simu kwenye nyaya za hedi, kile kichwa kinachosoma kaseti. Simu ikaazimwa kwa kinyozi, stesheni ya muziki ikafunguliwa. Sauti ikatoka imepasuka, kama mtu anaimba akiwa ndani ya ndoo na ndoo imekaliwa. Benchi zima likaangua kicheko.

"Jamani, paka ameshaitwa?" kinyozi akapaza sauti kupitia tundu la ubao. "Maana naona kidole kinaenda kukatwa!"

"Nyoa wewe! Usije ukamkata mtu sikio!"

"Sikio nitakata mimi, redio umeua wewe!"

Kidole akatabasamu kwa meno, si kwa moyo. Jasho likamtoka nyuma ya masikio. Akaigeuza redio, akaona mgongoni tundu la zamani la kurekodia, lile la kuingizia sauti kutoka nje. Akahamishia nyaya hapo. Kimya. Na alijua kwa nini: kwenye redio za aina ile, tundu hilo halitoi sauti mpaka redio iwe inarekodi. Unabonyeza kitufe cheusi cha kucheza na kile chekundu cha kurekodi, kwa pamoja.

Hapa ndipo penyewe, na yeye mwenyewe baadaye alipapitia mara mia akitafuta mtu mwingine wa kumpa lawama. Kitufe chekundu cha kurekodi hakishuki ikiwa hakuna kaseti ndani. Kuna kijiti kidogo kinachopapasa kwanza. Hakuna kaseti, kijiti kinagoma. Ipo kaseti lakini mwenyewe amevunja vile vipembe vya mgongoni ili isifutwe, kijiti kinagoma vilevile. Kidole alibonyeza. Kitufe kikashuka laini, bila ubishi, na kidole chake kikasikia kimeshuka. Kilijua. Lakini benchi lilikuwa linacheka, na kaseti, alivyoiona kupitia kidirisha chenye vumbi, haikuwa na maandishi yoyote. Akajiambia: tupu hiyo. Nani aache kaseti ya maana bila jina?

Muziki ukatoka. Jamani, ukatoka! Mzito, mpana, unatikisa makopo ya skrubu. Mtu wa kwanza kwenye benchi akasimama akachezesha bega. Kinyozi akatoka na mashine mkononi, mteja wake nyuma na kichwa nusu.

"Kidole baba yao!"

"Nilisema nini? Nilisema nini mimi?"

Wakaiacha iimbe. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, kikaja kipindi cha matangazo, wakabishana mpira, muziki ukarudi. Kidole aliagiza soda akainywa amesimama, kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Baada ya dakika arobaini na tano, vitufe viwili vikaruka juu vyenyewe. *Tak.*

Muziki ukakatika. Wengine hawakutambua lolote. Kidole akabaki na chupa mdomoni bila kumeza. Vitufe vile huruka vyenyewe kwa sababu moja tu: utepe umefika mwisho.

"Imekufa tena?" kinyozi akauliza.

"Betri," Kidole akasema. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Alisubiri benchi litawanyike. Akarudisha utepe mwanzo, akapunguza sauti, akabonyeza kucheza. Zikatoka nyimbo zilezile za stesheni. Akapeleka mbele: nyimbo. Mbele tena: mwanamume mwenye sauti ya kukoroma akitangaza magodoro, "lala kama mfalme, amka kama simba." Mbele, mbele, mpaka mwisho. Hapakusalia hata kikohozi cha kilichokuwepo.

Mlango ule wenye bawaba moja akaufungua kwa bisibisi nyembamba, kwa uangalifu kiasi kwamba mtu angedhani anatibu jicho. Akaigeuza kaseti. Upande wa pili ulikuwa mzima. Ikaja sauti ya mwanamke kijana, inacheka kidogo kwa aibu ya kuongea peke yake.

"Kaseti imefika, mume wangu. Nimekusikiliza mara nne, halafu nimekaa upande wangu nimefuta ya zamani, narekodi hii. Upande wako siugusi, utaufuta mwenyewe utakaponijibu. Sasa sikiliza, nina maswali, na usiyaruke kama kawaida yako. La kwanza: vile viatu vinakutosha? La pili: yule msimamizi wa kambi bado anakukata posho? Mtoto ameota meno mawili, ananing'ata. La tatu: ukirudi, tunakaa kwa mama yako au tunapanga chumba chetu? Nijibu hilo bila kuzunguka. La nne..." Hapo sauti ikashuka. "La nne, ukilala huko, unaniota?"

Kidole akazima.

Akaelewa kila kitu, na angelipa pesa ili asielewe. Kaseti moja, watu wawili walio mbali, inakwenda na kurudi. Upande wa kwanza wa mume, upande wa pili wa mke, kila anayejibu anafuta maneno yake ya zamani na kuacha ya mwenzake. Vipembe havikuvunjwa kwa kuwa mazungumzo yalikuwa hayajaisha. Kaseti ilikuwa imerudi kwa mke, kwa hiyo mume alijibu, mke hakuwahi kujibu tena, na kwa miaka yote hiyo jibu lile lilikaa pale upande wa kwanza. Sasa palikaa magodoro.

"Mbona umekuwa kijivu?" kinyozi akachungulia kwenye tundu.

Kidole akamweleza. Kinyozi akaleta mdomo karibu na tundu.

"Sikiliza," akanong'ona. "Kaseti ni kitu cha zamani. Unyevu, joto, sumaku ya spika. Zinafutika zenyewe. Nani atabisha?"

"Zinafutika na kuingiza matangazo ya magodoro?"

"Basi ifute, iwe kimya. Kimya hakina ushahidi."

Na Kidole, Mungu amsamehe, aliifuta. Alirekodi ukimya kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ulichukua dakika arobaini na tano, naye alikaa pale mbele ya redio dakika zote hizo kama anayekesha msiba alioufanya mwenyewe.

Kazi yenyewe aliifanya upya, na hajawahi kufanya kazi nzuri vile maishani. Aling'oa mitambo yote, akafika kwenye volyumu, akaunga waya wa kushoto na wa kulia, akaweka tundu la aina inayojikata yenyewe, kwamba ukichomeka simu redio inanyamaza, ukichomoa inaendelea. Akatengeneza bawaba ya mlango. Akasafisha hedi kwa spiriti. Akapaka mpini mafuta. Mtu mwenye hatia huwa fundi hodari sana.

Mama Cherehani alipokuja akachomeka simu yake, muziki ukatoka, akafumba macho.

"Mwanangu, mikono yako ibarikiwe."

Neno lile lilimchoma kuliko tusi.

"Na mlango umeutengeneza! Wala sikukuomba." Akaona kaseti iko palepale kidirishani, akaridhika. "Nina sare arobaini za kumaliza. Nikimaliza ya arobaini, nitakaa chini, nitamsikiliza mtu wangu. Huwa nafanya hivyo kila nikimaliza kazi kubwa. Anajua kunipongeza."

Kidole akafungua mdomo. Kilichotoka ni: "Pesa acha, mama. Hii zawadi."

Mama Cherehani akamtazama juu ya miwani.

"Fundi akikataa pesa ujue kuna kitu amekivunja. Umevunja nini?"

"Sijavunja, mama." Uongo wa pili. Kuvunja ni kweli hakuvunja.

Mama akaziweka elfu sita juu ya meza, akazikandamiza kwa ile mita, akaondoka na redio yake kifuani.

Tangu hapo Kidole akawa na kazi mpya ya kupita mbele ya mlango wa mshonaji. Sare zilizokamilika zilitundikwa kwenye kamba, bluu na nyeupe, naye alizihesabu akijifanya anakwenda dukani. Kumi na moja. Siku ya pili, ishirini na tatu. Mkewe alimwona amekwenda kununua chumvi mara tatu kwa siku moja.

"Tunakausha samaki humu?" akamuuliza.

"Nimesahau tu."

"Wewe hujasahau, umekumbuka kitu. Kaseme kilipo, utuache tule kwa amani."

Siku ya tatu zilikuwa thelathini na nane. Kidole alisimama barabarani mpaka mwendesha baiskeli akamtukana. Kisha akaingia.

Chumba kilikuwa kidogo, vipande vya nyuzi sakafuni, redio juu ya kabati ikiimba kutoka kwenye simu. Mama Cherehani alikuwa anaweka vifungo vya shati la thelathini na tisa.

"Karibu, fundi. Kaa hapo, sogeza mikono ya mashati."

Hakukaa.

"Mama, kaseti yako. Upande wa baba. Nimeufuta."

Cherehani likasimama. Mguu wake ulibaki juu ya pedali.

"Umefutika?"

"Haukufutika. Nimeufuta mimi. Nilibonyeza kurekodi ili watu wasinicheke. Halafu nikafuta mara ya pili ili usijue."

Alitegemea kilio, au mkasi. Mama Cherehani alinyoosha mkono akachomoa simu, muziki ukakatika. Nje mtu alikuwa anaburuta beseni.

"Upande wangu je?"

"Upo. Niliusikia, mama. Naomba unisamehe na hilo pia."

"Uweke."

Kidole akageuza kaseti, akabonyeza kucheza. Sauti ya msichana ikajaa chumbani. Ilipofika kwenye swali la kwanza, mwanamke mzee akainua kiganja, naye akasimamisha.

"Viatu," akasema. "Alisema, 'Vinabana gumba, lakini nitavivaa, visije vikanidharau.' Endelea."

Swali la pili.

"'Msimamizi bado anakata. Nimempa jina la panya, kambi nzima sasa inamwita hivyo, hajui kwa nini watu wanacheka.' Endelea."

Swali la tatu.

"'Chumba chetu. Kwa mama yangu utanipikia mimi na kesi.' Alikuwa anaendesha tingatinga, barabara mpya. Walimleta maiti mwezi mmoja baada ya kaseti. Nilikuwa sijajibu, nilikuwa na kazi nyingi. Endelea."

Swali la nne. Ukilala huko, unaniota? Kidole akasimamisha, akasubiri, macho chini.

"Hapo hakujibu mara moja," Mama Cherehani akasema. "Hapo alicheka. Alicheka hivi..." Akajaribu. Ilitoka sauti kavu, ya kike, isiyo ya mtu yeyote. Akajaribu tena, chini zaidi, kutoka kifuani. Akaacha.

"Maneno ninayo yote," akasema. "Hata usingizini nayasema. Kicheko ndicho ulichonifutia."

Kidole alitaka kupiga magoti, lakini palikuwa na pini sakafuni na mashati pande zote, akabaki amejikunja nusu kama mtu aliyeumwa tumbo.

"Niambie nifanye nini, mama."

"Utafanya nini? Maji yamemwagika." Akavuta shati lile, akatafuta tundu la kifungo, akalikosa, akalitafuta tena. "Nitafutie kaseti tupu. Hii hairekodiwi tena na mtu yeyote. Nitayasema hayo maneno kwenye nyingine kabla hayajanitoka na yenyewe. Halafu hizi zote mbili utazivunja vile vipembe vyake hapahapa, mbele yangu."

"Ndiyo, mama."

"Na usinitafutie ya kuazima."

Kidole alizunguka mji siku nzima. Maduka ya simu yalimcheka. Muuza vyombo alimuuliza kaseti ni nini. Jioni akafika kwa mzee mmoja auzaye vikorokoro chini ya ngazi za ghorofa, akiwa na pasi za mkaa, saa zisizokwenda, na sanduku la kaseti. Chini kabisa ilikuwepo moja bado imo ndani ya karatasi yake ya nailoni, dakika tisini, haijaguswa.

Kidole aliishika, akaipangusa vumbi. Alikuwa na zile elfu sita mfukoni na akiba yote ya mwezi, na njiani alikuwa ameomba bei iwe kubwa, iwe ya kumuumiza, auze hata mita.

"Hii bei gani, mzee?"

Mzee hakuinua kichwa.

"Mia nane."